Utepe Uliopita Chini ya Vidole

Kopo la biskuti la mama lilinifikia mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Wadogo zangu waligawana pagne, vile vitenge vyake, sufuria na ile redio yenye antena iliyofungwa kwa waya, walipomaliza wakanisukumia kopo mimi dada yao mkubwa wakisema, "Yaya, hii ni ya weye, unapendaka vitu vya kizamani." Sikubishana. Nilipolifungua ikatoka harufu ya mafuta ya mashini ya kushona, ya pini zilizoshika kutu na ya vidonge vya naftalini, nikalia pale pale bila kuona haya. Ninyi wa rika langu mliokwisha kuzika mama zenu mnajua ninachosema. Makaburini unajikaza, unashikwa mkono na watu, unamshukuru kila mmoja. Halafu kopo la vifungo linakumaliza.

Chini ya vifungo palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Sikuhitaji kuikunjua ili niijue. Ilikuwa jalada la mbele la gazeti la filamu, lile lile, na nilishangaa kwamba mama alilitunza, maana lingekuwa mikononi mwangu ningelitia motoni siku ile ile ya arusi nitakayowasimulia.

Niwaambie kwanza kazi yangu, msije mkadhani nimerukwa na akili kukaa saa nzima mbele ya karatasi moja. Natengeneza majalada na mabango: affiche za matamasha, vitambaa vya makanisa, kadi za arusi, jalada la kitabu mtu akiniletea kitabu. Nina chumba kidogo hapa Bukavu na ordinateur, yaani kompyuta, mbili, moja mgonjwa siku zote. Mtu wa kazi hii hatazami picha kwa amani. Anatafuta mwenzake alificha wapi mshono. Lakini aliyenifundisha kutazama hivyo si mwalimu yeyote. Ni jalada hili, nilipokuwa darasa la nne, ya nne primaire, na wiki hiyo hiyo likanifundisha kusema uongo.

Mama alishona katika kibanda cha mbao cha Papa Déo, pembeni ya njia ya miguu inayoteremka kutoka soko la Kadutu. Mvua ikinyesha, watu hushuka njia hiyo wamekaa, hata wale ambao hawakupanga kukaa. Ndani mlikuwa na mashini mbili. Ile nzuri ilikuwa ya Papa Déo, mwenye kibanda, aliyeshona suti na nguo za arusi. Ile ya pembeni, iliyonizidi umri, ndiyo aliyoshonea mama: viraka, zipu, na sare za shule. Shati jeupe, sketi ya bluu, shati jeupe, suruali ya bluu. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuitia mafuta ile mashini yake kwa kichupa chenye mdomo mrefu, na vidole vyangu vilikuwa vinanuka chuma hata kanisani.

"Maman Nabintu," Papa Déo alipenda kumwambia, na Nabintu ni mimi, "mukono yako ni ya uniforme. Kila mutu na karama yake."

Mama alicheka naye. Nyumbani hakucheka.

Sasa, jirani yetu Yaya Solange, msuka nywele mwenye sauti ya kusikika vilima viwili, akapata mchumba. Kumbe alikuwa na kumbukumbu nzuri. Mwaka mmoja nyuma zipu ilimfia mlangoni mwa kanisa, mama akamshonea pale pale kwa sindano ya mkono, amepiga magoti kwenye changarawe, na ibada ikaendelea. Siku ya kutafuta fundi wa gauni lake la arusi ya commune, ile ya ofisi ya serikali, Solange akampita Papa Déo na tabasamu lake, akaja hadi pembeni, akaweka juu ya meza ya mama vitu viwili: satini ya kijani na karatasi, jalada hili.

"Maman Nabintu, minataka ile ile. Usiongeze, usipunguze."

"Solange, mimi? Papa Déo njo anashonaka ya arusi."

"Papa Déo anashonaka mambo ya kichwa yake. Mimi nataka hii."

Satini aliinunua mchumba huko Uvira, na aliyemuuzia alikuwa amemaliza jora lote. Ilikuwa kijani kilichokolea, na ukiigeuza kidogo inageuka karibu nyeusi. Solange akasema waziwazi: "Ukikata vibaya, hakuna ingine." Papa Déo, bila kuondoa mguu kwenye pedali, akaongeza la kwake. Gauni likitoka vizuri, kwenye ile mashini ya pembeni mama atashonea pia kazi za arusi, na jina lake litaandikwa kwenye kibao cha mlangoni, chini ya jina la Papa Déo. Likiharibika, arudie bluu na nyeupe, na habari ya gauni isisikike tena mule ndani. Alisema kwa kucheka, lakini Papa Déo mambo yake ya kweli yote aliyasema kwa kucheka. Kesho yake Solange akateremka Luvungi kwa mama yake anayelima huko, asirudi hadi wiki ya arusi. Simu wakati ule ilikuwa ya wenye nazo, sisi hatukuwamo. Tukabaki na jalada.

Acha niwaeleze lilivyokuwa. Mwanamke amesimama katikati, amevaa kijani tupu, mkono mmoja kiunoni, anakutazama machoni. Ukisogea kushoto anakufuata, ukisogea kulia anakufuata. Nilimzunguka mara ngapi, Mungu wangu! Nilijificha chini ya meza nikachungulia kwa ghafla, alikuwa ameshanitazama. Juu yake jina la gazeti kwa herufi nyekundu kubwa, lakini kichwa chake kimesimama mbele ya jina, herufi za katikati hazionekani. Niliona huo ni utovu wa adabu. Nyumbani ukisimama mbele ya mtu anayesoma unafukuzwa, na huyu amesimama mbele ya jina la mwenye gazeti. Leo najua ni majivuno ya gazeti lenyewe: jina langu mnalijua, hata nusu yake inatosha. Mteja akinitaka nimfanyie hivyo namwambia, papa, weye bado, tuandike jina yote.

Nilitaka sana kuziona zile herufi zilizofichwa. Niliamini ziko, nyuma ya nywele, kama kilivyo kisogo cha yule mwanamke. Nikaigeuza karatasi taratibu nimuone mgongo. Nyuma kulikuwa na tangazo la saa ya mkono!  Nikakimbilia dirishani, nikainua karatasi kwenye mwanga, nikaona saa imeingia tumboni mwa mwanamke na herufi hakuna. Mama akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta nyuma.

"Karatasi haina nyuma," akasema. "Iko tu na upande mbili."

Chini kabisa, karibu na goti la yule mwanamke, mwanaume mdogo kama mjusi alikuwa anakimbia, na nyuma yake gari linawaka moto. Filamu yenyewe hatukuiona hata siku moja. Gazeti mteja fulani alilisahau kwenye saluni, Solange akachana jalada na kulitunza mwaka mzima ndani ya Biblia yake, limekunjwa hadi wino wa mikunjo ukabanduka.

Mama alianza kulisoma kwa njia yake. Kifaransa alikiacha ya tatu primaire, lakini nguo aliisoma hadi mgongoni. Picha ilikatwa magotini, na mimi nikadhani basi gauni ni la magotini. Akanionyesha mikunjo ya kiunoni. "Nguo fupi haiangukake hivi. Hii iko na uzito chini. Inafika mu miguu." Mkono wa pili wa mwanamke ulifunikwa na maandishi ya pembeni, mama akatazama bega, akasema mkono wa gauni ni mrefu na umebana, kwa sababu bega limevutwa. Mambo yote ambayo aliyetengeneza jalada alifunika au alikata, mama aliyapata kwa kutazama yale aliyoacha. Sijawahi kufanya kazi na mtu mwenye jicho lile, na nimefanya kazi na watu wenye diploma.

Tukafika kwenye utepe.

Ulikuwa wa njano ya kiini cha yai, mpana kama kiganja cha yule mwanamke, umeanzia kwenye nywele zilizomwagika bega la kushoto, ukashuka kwa mshazari juu ya kifua hadi kiunoni upande wa pili. Ulikuwa na maandishi, lakini mkunjo wa karatasi ulipita pale pale, zikabaki herufi tatu zisizosema kitu. Maandishi kwenye nguo hayakutushangaza. Nani kwetu hana pagne ya mwezi wa tatu, ya sikukuu ya wanawake, yenye maneno hadi matakoni?

Mama aliutazama, asijue kama ni wa gauni. "Hii iko ya robe kweli?"

"Iko ya robe, maman."

"Nabintu. Ku commune, bourgmestre njo anavalaka hivi, akiolesha batu. Bibi arusi atavalaka esharpe ya bourgmestre?"

Mimi arusi ya commune sikuwahi kuingia, watoto walibaki nje. Lakini neno lile lilinifungulia jalada lote kwa mara moja, nikaruka. Kumbe! Huyu mwanamke ni bourgmestre, mkuu wa commune! Ndiyo maana anakutazama hivi, ndiyo maana anasimama mbele ya jina la watu na hakuna wa kumwambia sogea. Na yule mdogo amechoma gari la serikali, anakimbia. Kila kitu kilikaa mahali pake. Mama akacheka hadi akafuta macho, lakini hakushawishika. Hapo nikatoa ushahidi wangu.

"Angalia vidole," nikamwambia.

Vidole vya mkono wa kiunoni vilikuwa juu ya utepe. Si utepe juu ya vidole, hapana: vidole vinne vizima, kucha nyekundu, na utepe unapita chini yake. Nikasema, na nilisema kama mwalimu, maandishi yanachapwa juu ya mtu, si kweli? Yale ya pembeni yamemfunika mkono. Huu utepe umefunikwa na vidole. Mtu hawezi kushika maandishi. Kama anaushika, uko mwilini mwake.

Mama akasogeza karatasi karibu na macho. Kisha akageuka kwa Papa Déo, na sijaisahau ile sauti. "Papa Déo, kuya uone! Mutoto wangu ameona kitu, hata weye na miaka yako ya kushona hukuiona." Papa Déo akaja, akatazama vidole, akasema eh, kweli, inashikwa. Mama akanishika kichwa. "Kumbe shule inasaidiaka," akasema, na akarudi kutafuta chaki yake.

Nilibaki na jalada mkononi, nimevimba kwa furaha. Nikalitazama tena ili nijifurahie akili zangu, na hapo nikaona mkia.

Baada ya vidole utepe haukuishia kiunoni. Uliendelea. Ulitoka kwenye mwili wa yule mwanamke, ukapita hewani juu ya rangi ya kijivu, ukaenda moja kwa moja hadi ukingo wa karatasi, karibu na kona ya chini. Ulikuwa mfupi, urefu wa ncha ya kidole changu, lakini nguo hazifanyi hivyo. Utepe wa nguo ungezunguka kiuno. Huu ulikuwa wa karatasi, ulitoka kwenye karatasi ukarudi kwenye karatasi, na vidole viliwekwa juu yake na fundi fulani mwenye ujanja.

Leo naufahamu ujanja huo kuliko ninavyofahamu sala zangu. Unachukua picha, unakata vidole, unavirudisha juu ya kitu ulichobandika, na jicho la mtu linaamini kila kitu. Naufanya kila wiki. Pasta anashika jina la kanisa, mwanamuziki anaegemea tarehe ya tamasha, bibi arusi anabeba majina yao mkononi. Watu hupenda sana, hawajui kwa nini. Kila ninapopitisha kitu chini ya vidole vya mtu, moyo wangu hupiga mara moja vibaya.

Mama akarudi na chaki. "Uko sûre, uko na hakika?" akaniuliza. "Satini haiko ya kuchezea."

Nilikuwa nimeshika karatasi kwenye kona ile. Kidole gumba changu, chenye mafuta ya mashini, kikasogea chenyewe. Ni uongo, hakikusogea chenyewe, nilikisogeza mimi. Kikafunika mkia wote.

"Niko sûre, maman."

Kwa nini? Nimejiuliza hadi nimechoka. Mtoto wa umri ule haogopi gauni kuharibika. Nilichoogopa ni mama kumwita Papa Déo mara ya pili, amwambie nimekosea.

Mama alikata satini asubuhi ya siku ambayo soko lilikuwa kimya, akiomba kwa sauti ya chini kwa Kishi, lugha ya kwao. Kwa wiki mbili nilimwona akiwa mtu mwingine. Alitembea wima. Alimsahihisha Papa Déo jambo la kola, na Papa Déo akakubali! Aliniuliza jina lake nitaliandikaje kwenye kibao, kwa herufi za namna gani, na mimi nikamchorea kwenye daftari herufi nyekundu kubwa, nzima, bila mtu mbele yake. Alibandika ule ukurasa kwenye ukuta. Utepe aliuacha wa mwisho. Aliukata kutoka kipande cha njano kilichobaki kwenye nguo za korali, kwaya ya kanisani, akaushona siku niliyokuwa shule. Nilipofika ulikuwa umeshakaa. Nikaupitishia kidole na kuona mishono ni mirefu, imeachana nafasi ya punje ya mchele.

"Maman, hii haukuipitisha mu machine?"

"Satini ukiipiga machine sana inajikunja," akasema. Nikaona ni sawa. Yeye ndiye fundi.

Solange alirudi kutoka Luvungi ameungua jua, akavaa gauni nyuma ya pazia la kibanda, akatoka. Watu wa njiani walisimama. Alijitazama kwenye kioo cha Papa Déo, akageuka, akageuka tena, akashika utepe. "Na hii?"

Mama akageuka. Alinitazama mimi, na mimi nikafungua jalada haraka, nikiwa nimeshika kona yangu ile ile, nikamwonyesha vidole. Solange akashangaa. "Mwaka muzima naangalia hii karatasi na sikuonaka!" Akanipa pipi mbili. Nilizila, na ninawaambia ukweli, zilikuwa tamu.

Siku ya commune mama alivaa pagne yake nzuri, akanichukua na mimi kama fundi mdogo, na Papa Déo alikuja amefunga kravati shingoni. Watu walijaa uwanjani wakisubiri zamu yao. Bourgmestre akatoka mlangoni kusalimu wageni, na kifuani, kutoka bega hadi kiuno, ana esharpe ya rangi za taifa, nyekundu, bluu na njano. Nyuma yetu Solange akateremka kwenye taxi, na kifuani, kutoka bega hadi kiuno, ana yake.

Watu walitazama kifua hiki, wakatazama kile. Halafu mama mkwe wa Solange, mwanamke mwenye mwili na mwenye maneno, akapiga makofi. "Ayi wee! Leo tuko na babourgmestre babili! Huyu amekuya kuolewa, ao amekuya kutuolesha?"

Uwanja mzima ukacheka. Mjomba mmoja wa upande wa bwana akaongeza, "Mutoto wetu hajaoa bibi, ameoa serikali!" Bourgmestre mwenyewe alijitazama kifuani, akamtazama Solange, akacheka kwa adabu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Solange alisimama mkono mmoja kwenye mlango wa taxi.  Wote mnajua arusi zetu: neno litakalosemwa siku hiyo litakula na bibi arusi mezani miaka ishirini. Mimi nilitaka ardhi ya Kadutu, ambayo kila mvua inamumunyuka, imumunyuke sasa hivi pamoja nami.

Mama alitembea. Hakukimbia, alitembea kama mtu aliyeona uzi unaning'inia kwenye nguo ya mwenzake. Alifika kwa Solange, akaweka mkono begani kwake kama anamrekebisha, akavuta kitu kimoja tu, na utepe wote ukashuka kutoka bega hadi kiuno, ukaanguka mkononi mwake. Ilichukua muda mfupi kuliko ninavyosimulia. Akageukia watu, ameushika juu ili wote wauone.

"Mutusamehe, bamaman na bapapa. Ilikuwa yangu ya mapambo, na uzi umekatika. Kosa ni ya fundi."

Mmeshaona kicheko kikihama? Kilimwacha Solange, kikamfuata mama. "Fundi gani huyu!" "Robe itabaki ao nayo itaanguka?" Mama mkwe alicheka hadi akashikiliwa, na akiwa bado anacheka akamshika Solange mkono, akamwambia, "Kuya, mutoto, tuingie mbele ya huyu fundi kukuvua yote." Papa Déo, nyuma yangu, akapaza sauti ili kila mtu ajue si yeye aliyeshona: "Uniforme, Maman Nabintu! Nilikuambiaka!" Solange alipanda ngazi, kijani kikamwagika nyuma yake kutoka kiunoni hadi miguuni, na hata mimi mtoto niliona kwamba gauni lile halikuwa na kasoro mahali popote. Hakuna aliyekuwa analitazama. Walikuwa wanautazama utepe mkononi mwa mama.

Tulipanda kurudi nyumbani, mimi nyuma yake. Nilianza. "Maman, ule utepe..."

"Uzi ya soko njo vile," akasema bila kugeuka. "Tembea, mvua iko nakuya."

Na mimi nikashukuru! Nikaamini uzi ulikatika, nikaamini hajui kitu, nikaona Mungu amenificha. Kibao cha Papa Déo kilibaki na jina moja. Ukurasa wangu wa herufi nyekundu mama aliubandua mwenyewe na kuuweka kwenye daftari langu. Alirudia bluu na nyeupe, na kwa muda mrefu wanawake wa njia ile walimwita Maman Uzi-Umekatika; waliokuwa na gauni la kushona walipita mbele ya meza yake wakienda kwa Papa Déo. Miaka mingi baadaye alipata mashini yake mwenyewe, kwa jasho lake, na mlango wake. Lakini ile miaka ya kati aliibeba yeye, na nilikuwa nikiitia mafuta mashini kila siku, mdomo nimefunga.

Basi juzi nikakunjua jalada mezani kwangu. Nilitazama kama fundi: nyekundu inayokuita kutoka mbali, macho yanayokufuata, mwanaume mdogo wa kukupa swali, vidole juu ya utepe. Kazi safi. Kwenye kona ya chini kulikuwa na doa la mafuta, la rangi ya chai. Nikalitambua. Na kwa mazoea yale yale ya utoto, nikitafuta nyuma ya karatasi ambayo haina nyuma, nikasimama, nikaenda dirishani, nikaiinua kwenye mwanga.

Kona ile ikawaka vitone. Matundu ya pini, madogo, yamepangwa kwa nafasi sawa, mkono wa fundi hauchanganyi. Yalizunguka doa langu lote, yakachora umbo la kidole gumba cha mtoto. Na katikati, pale mafuta yalipoifanya karatasi ipitishe mwanga, mkia wa njano ulionekana wazi kuliko sehemu nyingine yoyote ya jalada.

Mama hakuandika vizuri. Akitaka kukumbuka mahali, alitoboa kwa pini. Alikuwa ameona mkia, na alikuwa ameona kidole kilichouficha, kabla hajaushona utepe; ndiyo maana aliushona kwa mishono ile mirefu, kwa uzi mmoja wa kuvutwa, ili neno langu lisimame mbele ya Papa Déo, na utepe utoke mara moja ukileta aibu.

Nikaweka kidole changu juu ya doa. Siku hizi ni kikubwa, kikayafunika matundu yote. Nikakiondoa.